Ngozi Iliyotolewa Juani

Kaeni, wajukuu zangu. Msinisukume, magoti yananiuma. Nikisema “Kale!” ninyi semeni “Kalee!” Kale! ... Mmeitika kivivu, lakini hata mimi nimechoka, basi tuko sawa.

Kale, kale ya mbali, milima hii ikiwa na misitu mpaka mlangoni, alikuja mnyama mweusi tititi. Akala mbuzi, akala mbuzi, akala mbuzi. Wanaume wakachimba shimo, akatumbukia, wakamuua, wakamchuna. Ngozi wakaitundika katika nyumba ya ukoo, juu ya moshi, maana mwiko wa siku zile ulikuwa huo: ngozi ya ukoo haioni jua. Na mashauri yote yalikatwa humohumo ndani, macho yakitoka machozi kwa moshi.

Mzee Sengondo, mkubwa wa ukoo, akaikagua. “Chui ana madoa. Huyu hana hata moja. Basi si chui, ni kitu cha mtu, kimetumwa kwa uchawi.”

Cha nani? Mnajua watu. Wakamtazama Nakijwa, mke aliyeolewa kutoka ng'ambo ya bonde. Mgeni ni yeye peke yake.

“Kesho urudi kwenu,” akaambiwa. “Mtoto ni wa ukoo, anabaki.”

Mtoto mwenyewe bado ananyonya! Nakijwa akalia mpaka sauti ikamkauka. Mumewe akatazama chini. Ndiyo, chini! Hasira hunipanda kila nikifika hapa.

Kesho yake mchana, wanawake wakiwa wameshamchukua mtoto mikononi mwake, akainuka mama mkwe wake, Namkunda. Mzee huyo, amezika wana wanne, amechoka kuliko mimi.

“Sengondo, mbuzi wako mweupe alizaa mweusi mwaka jana. Ulimfukuza nani?”

“Mbuzi ni mbuzi, shemeji.”

“Haya. Itazameni ngozi juani.”

“Haioni jua hiyo! Ni mwiko!”

Namkunda akaelekea nyumba ya ukoo. Akaingia, akaitungua, akaiburuta. Hatua mbili, anapumzika. Hatua mbili, anapumzika. Hakuna aliyemsaidia, wala aliyethubutu kumzuia. Akaitandaza uani, jua la utosi likaipiga.

Na madoa yakaonekana, wanangu! Yamejaa mgongo mzima, weusi ndani ya weusi, kama kokoto chini ya maji ya mto. Alikuwa chui. Chui tu, aliyezaliwa na chui wa madoadoa kama wengine.

Sengondo akainama, akapapasa. “Madoa yapo.”

“Yalikuwapo hata jana,” akasema Namkunda. “Mrudishieni mwanawe.”

Wakamrudishia. Pole hakuna aliyesema. Namkunda akaketi palepale juu ya ngozi, pumzi zimemwishia, akaomba maji. Watu wakatazamana. Aliyekwenda kuyaleta, mtoto kifuani, ni Nakijwa, yuleyule waliyetaka kumfukuza.

Mtoto yule alikua, akamzaa mama wa bibi yangu. Angeachwa bila ziwa la mama, nisingekuwapo hapa kuwachosha.

Basi shikeni hili: kabla hamjamhukumu mtu, toeni jambo lake nje, mlitazame kwenye mwanga, hata kama mwiko unakataa na hata kama mmechoka. Hasa mkiwa mmechoka.

Kisa changu kimefika uani, kimeketi. Nami naketi. Haya, mmoja wenu aniletee maji.