Kibuyu cha Pimbi na Lango la Wakwe

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na wakwe, Kiboko alikwama langoni siku ya posa ya binti yake.

Lango lenyewe lilikuwa mawe mawili yaliyosimama mbele ya ua wa wakwe, huko mto wa juu. Mila yao ilikuwa hivi, watoto: siku ya harusi, baba wa bibi harusi lazima apite katikati ya mawe hayo kwa miguu yake. Asipopita, anarudi nyumbani na binti yake.

Siku ya posa Kiboko alilijaribu, akapitisha kichwa. Akapitisha mabega. Tumbo likafika, tii, likagoma. Nyati watatu wakamvuta mkia, pwachu, akatoka na kuangukia matako.

"Tupanue lango kidogo," alisema mkewe, Mama Mize.

"Mawe haya aliyasimamisha babu yangu," akajibu baba wa bwana harusi. "Hayasogei. Harusi ni baada ya miezi mitatu. Baba Mize apungue, au Mize abaki kwenu."

Mize mwenyewe alitazama chini njia nzima hadi nyumbani. Hilo lilimuuma Kiboko kuliko mkia.

Sasa, juu ya kilima kando ya mto aliishi Pimbi, mdogo kama sungura, nyumba yake ufa katika mwamba. Ufa ulikuwa wazi mbele. Pimbi alikuwa mjamzito, na Chui alikwisha kuanza kupita hapo akinusanusa. Alihitaji ukuta wa mawe kabla ya kujifungua, na yeye hakuweza kuinua hata jiwe la mafiga. Aliposikia habari za lango, akajaza kibuyu, akateremka, tiki-tiki-tiki.

"Hodi, Baba Mize."

"Karibu, kama hukuja kunicheka."

"Nimechekea nyumbani, nimemaliza. Nimekuletea dawa ya tumbo."

Kiboko akanusa kibuyu. "Mbona haina harufu?"

"Yenye harufu ni ya mafua. Hii unakunywa kidogo kabla ya kila mlo. Ila ina masharti mawili."

"Nilijua tu."

"La kwanza, unabeba mawe kutoka mtoni hadi kwangu kilimani. Unaanza na madogo, kila wiki unaongeza ukubwa. Kila siku ya tatu unapumzika, mwili ujijenge. La pili, unakula mara tatu kwa siku, kila mlo bakuli hili moja, nusu yake maharage na mboga."

Kiboko akaligeuza bakuli. "Bi Pimbi, hili mimi huonjea mchuzi."

"Basi onja mara tatu kwa siku."

Wiki ya kwanza Kiboko alipanda kilima akihema, hee, hee, na jiwe la ukubwa wa nazi. Wiki ya pili, la ukubwa wa boga. Pimbi alimwelekeza pa kuliweka: "Hapo. Sogeza kushoto. Dawa inapenda mstari ulionyooka."

Wiki ya tatu tumbo halikupungua hata kidogo. Kiboko akalalamika.

"Baba Mize, umekula nini baada ya kushuka jana?"

"Bakuli moja."

"Na huo unga wa muhogo kwenye ndevu?"

Kiboko akajipangusa. "Mtu akibeba jiwe zima anastahili kitu. Mama Mize alinisongea sufuria. Ndogo."

"Jiwe umelipandisha, sufuria imelishusha. Dawa imekufa. Anza upya."

Kiboko akaona aibu, akazidisha upande wa pili: siku mbili hakula kabisa. Siku ya tatu alilikumbatia jiwe, likabaki pale pale. Akaketi, puu.

"Dawa haifanyi kazi kwenye tumbo tupu," alisema Pimbi. "Nani alikwambia ufunge? Nenda kale bakuli lako."

Kuanzia hapo Kiboko alishika masharti yote mawili. Mama Mize alificha sufuria. Mize alikuwa akimsubiri baba yake chini ya kilima kila wiki mpya ilipoanza, akiuliza jambo moja tu: "La leo kubwa kuliko la wiki iliyopita?"

"Kubwa," alijibu Kiboko.

Ukuta ukafika kifuani mwa Kiboko. Pimbi akajifungua watoto watatu nyuma ya ukuta huo. Pakabaki pengo moja tu, la kutosha kupitisha kichwa cha Chui.

Asubuhi ya harusi Kiboko aliwahi mtoni. Akamkuta Pimbi ameinama majini, kibuyu kinalia gulu-gulu-gulu.

"Bi Pimbi. Hiyo ndiyo dawa?"

Pimbi akaona hakuna pa kukimbilia. "Ndiyo hii."

"Maji ya mto. Mto ninaolala ndani yake."

"Yale yale."

"Miezi mitatu umenifanya punda wako, na leo namwaibisha mwanangu mbele ya watu." Sauti ya Kiboko ilishuka. "Nikirudi, ukuta huo nitaubomoa jiwe kwa jiwe."

"Haki yako. Lakini pita langoni kwanza."

Mto wa juu watu walikuwa wamejaa. Nyati watatu walisimama karibu na mkia wa Kiboko, tayari. Mize alifumba macho.

Kiboko akapitisha kichwa. Akapitisha mabega. Tumbo likafika, likapita. Kila upande palibaki nafasi ya kupitisha kuku.

"Nyati, kakaeni," alisema baba wa bwana harusi. "Mize, mwanangu, karibu nyumbani."

Jioni Kiboko alipanda kilima. Pimbi aliwakusanya watoto wake nyuma ya ukuta, akasikia hatua, du, du, du. Kisha akasikia jiwe likiinuliwa.

Lilikuwa jiwe la mwisho, lile ambalo siku ya kwanza Kiboko hakuthubutu hata kuliegemea. Alilinyanyua hadi juu ya kichwa. Akalishusha taratibu ndani ya pengo, likakaa, kwata.

"Limenyooka?" aliuliza.

"Sogeza kushoto kidogo," alisema Pimbi.

Kiboko akasogeza. Chini ya mwamba Chui alinusa ukuta mara mbili, akageuka, akaenda zake.

Nami hadithi yangu naitua hapa, nanyi bebeni hili: jiwe bila bakuli halipunguzi tumbo, bakuli tupu halinyanyui jiwe, na anayeshika vyote viwili hupita langoni bila dawa.