Sultani Aliyezuiwa na Picha Yake

Hapo zamani, wala si zamani ile ya majini na farasi wa kuruka, bali zamani ya karibu, simu za kupigia picha zilipokwisha kuingia hata majikoni, palikuwa na mji ukiitwa Utandeni, na Sultani wake akiitwa Mwinyikombo. Alikuwa mtu mwema, mfupi, mwenye tumbo lililomtangulia kila aendako, kipara king'aacho, na chunjua juu ya pua. Hayo yote si aibu, ndivyo alivyoumbwa. Lakini juu ya lango la jumba lake ilitundikwa picha yake rasmi, iliyotengenezwa na karani wa jumba kwa kompyuta, na humo Sultani alikuwa mrefu, nywele tele, tumbo limekwenda zake, na chunjua halijulikani liliko. Inasemekana mkewe, Bi Hidaya, alipoiona mara ya kwanza aliuliza, "Kijana huyu ni mgeni wetu?" na tangu siku hiyo hakuulizwa tena maoni yake.

Katika mji huo alikuwapo fundi wa picha jina lake Vuai, fukara wa kutupwa. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, na kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ukiiwasha unakwenda kunywa chai ndipo urudi. Watu walimhesabu punguani, kwa kuwa neno aliloambiwa alilishika kama lilivyo. Ukimwambia "ningoje hapa hapa," angekungoja hapo hapo hata mvua ikimnyeshea. Mkono wake lakini ulikuwa na baraka. Bi Zuwena, mjane muuza vitumbua, alifiwa na mumewe kabla mtoto wao hajazaliwa, na Vuai akatwaa picha ya marehemu na picha ya mtoto, akaziunganisha, ikawa baba amempakata mwanawe. Bi Zuwena akaitundika sebuleni, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa naye, "Hawa hawakupata kuonana. Vuai ndiye aliyewakutanisha."

Basi mwaka mmoja Sultani alitangaza shindano la picha za mavuno, na aliyeshinda ni bwana mmoja aliyeleta picha ya boga kubwa kuliko mlango. Akapewa ng'ombe. Sultani naye kwa furaha akaalika wageni wa miji ya jirani waje waone boga la Utandeni. Wakaja kwa mavazi yao, wakapelekwa shambani, wakaonyeshwa boga la kutosha chungu kimoja. Wageni hawakucheka, ila kila mmoja wao alishikwa na kikohozi.

Sultani hakulala kwa fedheha. Asubuhi akapiga mbiu: picha yoyote iliyoguswa na fundi baada ya kupigwa ni uongo, zikusanywe zote, na Ijumaa baada ya sala zichomwe uwanjani. Askari wakaingia nyumba kwa nyumba, na ile ya Bi Zuwena nayo ikabanduliwa ukutani. Mama wa watu akaja kibandani kwa Vuai akilia. Vuai naye roho ikamuuma sana, akavaa kanzu yake ya pekee akaenda barazani kwa Sultani.

"Ewe Seyyidi, Mungu akuzidishie umri," akasema, "nimekuja kuiombea picha ya mjane."

Sultani akauliza, "Je, marehemu alipata kumpakata mtoto huyu?"

"La, Seyyidi yangu, hakupata."

"Basi ni uongo kama lile boga. Nawe, kwa kuwa umewaharibia watu macho, nitakupa kazi ya kuyatengeneza. Tangu leo utakaa langoni pangu. Kila aingiaye na alete kitambulisho, umtazame yeye, utazame na picha. Asiyelingana na picha yake asipite. Ukimpitisha mmoja asiyelingana, utauhama mji huu. Ukifika Ijumaa bila kosa, omba neno moja nami nitakupa."

Waziri akakohoa. "Seyyidi, hata jamaa wa jumba?"

Sultani akaona baraza zima linamtazama, naye alikuwa mtu wa kupenda makofi. Akanyanyua mkono akasema, "Hata ndugu yangu wa tumbo moja! Hata mimi mwenyewe!"

Baraza likapiga makofi. Vuai akauliza taratibu, "Hata wewe mwenyewe, Seyyidi?"

"Nimekwisha sema."

"Nimesikia na nimetii," akajibu Vuai, akatoka.

Jamani, nani anafanana na kitambulisho chake? Mtu hupigwa picha ile ameshtuka, amekunja uso, kama aliyekamatwa na kuku wa watu. Alipofika Kadhi, Vuai akamtazama akaitazama picha, akasema, "Bwana Kadhi, huyu wa pichani hana ndevu. Hizi ni za nani?" Kadhi akarudishwa. Akaja mpishi mkuu, mtu wa kilo zake, naye pichani ni mwembamba, akaambiwa, "Huyu bado hajaanza kula chakula chako, bwana mpishi." Waziri peke yake alipita, tena baada ya kukodoa macho kama alivyoyakodoa siku ile ya kupigwa picha. Ikawa wanaorudishwa hawaendi makwao, wanakaa nje ya lango wakilalamika, na Bi Zuwena akaleta beseni lake la vitumbua akawauzia. Jikoni mwa Sultani moto ulizimika.

Alhamisi ile Sultani alikuwa ametoka alfajiri kukagua minazi yake. Akarudi jua la utosi, ana njaa, ana vumbi, anawaza pilau. Alipofika langoni Vuai akanyoosha mkono.

"Simama, mzee wangu."

"Vuai! Ni mimi!"

"Kila mtu husema ni yeye, mzee wangu. Kadhi naye alisema ni yeye." Kisha Vuai, kwa kuwa Sultani hakuchukua kitambulisho, akainua macho kwenye ile picha juu ya lango, akayashusha kwa Sultani, akayainua tena. "Mwenye picha hii ni mrefu kidogo."

Sultani akasimama juu ya ncha za vidole.

"Na ana nywele."

Sultani akavua kilemba kwa hasira ili atambulike vizuri, na mambo yakazidi kuharibika.

"Na tumbo hili?"

Sultani akalivuta tumbo ndani, akalishikilia, hata macho yakamtoka. Askari mmoja akanong'ona kuwa kwa kweli limepungua. Vuai akasema, "Na chunjua je?" Sultani akaliziba kwa kidole. Vuai akatikisa kichwa kwa huzuni. "Pichani hakuna kidole, mzee wangu."

Hapo Sultani akaachia pumzi na tumbo kwa pamoja, akapiga ukelele, "Picha hiyo imetengenezwa!"

Kadhi, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe na kitumbua mkononi, akasema kwa upole, "Seyyidi, hukumu ya picha iliyotengenezwa tumekwisha isikia."

"Basi chagua, mzee wangu," akasema Vuai. "Kama picha hii ni ya kweli, wewe siye, kaa hapa na wenzako. Kama wewe ndiye, picha ni uongo, kesho ichomwe pamoja na ya Bi Zuwena."

Njaa haikumpa Sultani nafasi ya kutafuta jibu. Akaketi chini karibu na Kadhi. Bi Zuwena akampa vitumbua kwenye kisahani, naye akala kwanza, ndipo akauliza, "Wewe ndiye mwenye ile picha?"

"Ndimi, Seyyidi. Tangu ukuta ubaki mtupu, mwanangu ananiuliza baba amekwenda wapi tena. Sijui nimjibu nini."

Sultani akakiweka kisahani chini. Akamtazama Vuai, na safari hii hakumtazama kama punguani. "Haya, niambie kwa kweli. Picha yangu imeguswa, ya mama huyu imeguswa, na ya boga imeguswa. Kuna tofauti gani?"

Vuai akasema, "Seyyidi, ukiingia kwa Bi Zuwena, kabla hujakaa atakwambia kuwa hawa hawakupata kuonana. Hakumficha mtu, wala mtu hakutoka pale amedanganyika. Mwenye boga alinyamaza hata akapewa ng'ombe. Na hii yako imenyamaza juu ya lango mpaka leo ilipokunyima chakula cha mchana."

Cheko lilimwanzia Sultani tumboni, mahali palipokuwa na nafasi ya kutosha, likapanda hata akatokwa na machozi, na wote waliorudishwa wakacheka naye. "Omba neno lako," akasema. "Ijumaa nimeileta leo."

Vuai akaomba picha ya mjane, na jioni ile ile ikarudi ukutani pake. Za wengine nazo zikarudishwa, kwa amri mpya kwamba mtu atengeneze picha yake apendavyo, ila anayeitazama aambiwe kuwa imeguswa. Mwenye boga alirudisha ng'ombe, akapewa Vuai, aliyemfunga nyuma ya kibanda na kunywa chai ya maziwa kila akingoja kompyuta.

Kisha Sultani akaketi apigwe picha mpya. Vuai alipomaliza, Sultani akamwinamia sikioni. "Hilo chunjua, Vuai. Kidogo tu."

"Naliondoa sasa hivi, Seyyidi. Na chini nitaandika kuwa lilikuwapo."

Sultani akarudi kukaa wima. "Basi liache."

Picha ikatundikwa juu ya lango, na kipara, na tumbo, na chunjua lake. Watu wakakusanyika kuitazama, na Bi Hidaya akatoka ndani akasimama mbele yao wote. Akaiangalia kwa muda mrefu, akacheka, akasema, "Huyu sasa ni mume wangu. Mwacheni apite."