Kalunguyeye na Mashine ya Kupakua Ugali

Hadithi, hadithi!
— Njoo!
Ije na nini?
— Na uongo wake wote!
Na ukweli je?
— Ukae nje na viatu!

Haya. Hapo zamani za juzi, Kalunguyeye alipata nafasi Chuo cha Bondeni kusomea kompyuta. Nyumbani kwao ikawa sherehe. Mama yake aliwalisha majirani kumbikumbi masufuria matatu, akajisifu mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyemuuliza binti kama amewahi kuigusa hiyo kompyuta. Hakuwahi.

Siku ya kwanza Mwalimu Korongo akauliza, "Nani hapa hajawahi kuandika programu?"

Kalunguyeye akanyoosha mkono, peke yake. Darasa zima likageuka. Nyuma kabisa Kiboko akacheka, hohohoho, madirisha yakatetemeka. "Mimi naandika programu tangu nanyonya!"

Chumba cha kompyuta kilikuwa na kompyuta nne tu. Kiboko akakalia tatu: moja ya kazi, moja ya michezo, moja ya kuegemeza chakula chake. Ukimpa kiti, anakaa, hasemi kitu. Ukimwazima kalamu, anaondoka nayo, hasemi kitu. Ukimpa nusu ya mhogo wako, anakula na ile nusu nyingine, hasemi kitu. Kalunguyeye aliliona hilo, akaliweka akilini.

Kompyuta ya nne waliigombea wanafunzi kumi na tisa. Zamu ya Kalunguyeye ilipofika, aliiamuru iandike jina lake, kisha irudie. Hakuiambia ikome lini. Krr, krr, krr! Printa ikatoa karatasi, ikatoa karatasi, mpaka zikafika mlangoni. Kalunguyeye akatamani ardhi ipasuke.

"Usilie," alisema Mwalimu Korongo. "Mashine haijui kusema inatosha. Ukiiambia irudie, iambie na lini ikome. Wote andikeni hilo."

Wote wakaandika, isipokuwa Kiboko. Yeye alikuwa matopeni amelala, maana masomo hayo, alisema, ni ya watoto.

Ukatangazwa mtihani wa Ijumaa. Kila mwanafunzi aandike programu ya kuendesha mashine mpya ya kupakua ugali bwaloni, ile yenye sikio la kumsikiliza mlaji. Atakayeshindwa arudi kwao, aanze upya mwaka ujao. Kalunguyeye aliogopa kweli. Akawakumbuka wale kumbikumbi. Angewaambia nini majirani?

Jumatatu akaenda. "Bwana Kiboko, nipishe kidogo."

"Bado sijamaliza."

Jumanne akaenda. "Bwana Kiboko, nipishe kidogo."

"Bado sijamaliza."

Jumatano akaenda. "Bwana Kiboko, nipishe kidogo."

"We Miba, kwani husikii? Bado sijamaliza!" Na wala hakuwa ameanza. Alikuwa anacheza mchezo wa magari.

Basi Kalunguyeye akachukua zile karatasi zake za aibu, akazigeuza upande wa pili, akaandika programu yake kwa penseli. Kisha akaandika nyingine, akaisoma, akacheka kimoyomoyo. Hiyo nyingine akaiacha mezani karibu na Kiboko, akaenda msalani. Aliporudi, haikuwepo.

Ijumaa bwalo likajaa. Kiboko akatangulia, kifua mbele. Ta, ta, ta! Akaiingiza ile karatasi kwenye mashine neno kwa neno, bila kujisumbua kuielewa. Akakaa, akafungua kinywa.

Pwaa! Sahani ya kwanza. Akameza, hakusema kitu. Pwaa! Ya pili. Akameza, hakusema kitu. Pwaa! Ya kumi. "Mnaona programu ya fundi?" Pwaa! Ya arobaini. Hapo tumbo likagoma.

"Basi!" Pwaa!

"Imetosha!" Pwaa!

"Acha, mshenzi wee!" Pwaa! Ya kichwani.

Ugali ukapanda mpaka puani. Wanafunzi wakakimbilia juu ya meza. Kalunguyeye akatembea juu ya ugali, taratibu, mpaka kwenye sikio la Kiboko, akamnong'oneza, "Kuna neno la kuizuia. Unanipisha kompyuta?"

"Nakupisha!"

"Zote tatu?" Pwaa!

"Zote! Zote!"

"Basi sema asante."

Kiboko akajaribu. Neno hilo lilikuwa halijawahi kupita kwenye koo lile. "A..." Pwaa! "Asa..." Pwaa! "ASANTE!"

Tii. Mashine ikanyamaza.

Mwalimu Korongo akaiokota karatasi, akaisoma kwa sauti: "Pakua. Mpe. Rudia mpaka mlaji aseme asante." Akamtazama Kiboko. "Programu nzuri. Hebu nifafanulie huo mstari wa mwisho."

Kiboko akautazama ugali. Ugali nao ukamtazama.

Kalunguyeye akaingiza programu yake. Mwalimu akapakuliwa sahani mbili, mashine ikakoma yenyewe. Amefaulu! Akalia mbele ya watu, wala hakujificha. Mwaka uliofuata akawa msaidizi wa Mwalimu, na siku ya kwanza ndiye aliyeuliza, "Nani hapa hajawahi kuandika programu?" Nyuma kabisa mkono mmoja mnene ukanyanyuka, polepole.

Sasa fundisho, maana nisipolitoa mtasema nimewapotezea muda. Ukipakuliwa chakula, usiseme asante hata siku moja. Ukisema tu, wanaacha kupakua.

Na hadithi hii nimeiambia ijirudie mpaka nisikie neno fulani. Mmenyamaza? Haya. Hadithi, hadithi!
— Asante!
Sijasikia. Hadithi, hadithi!
— ASANTE!
Tii.