Jua Kwenye Kibandiko cha Dawa

Hapo zamani, zamani hii ya jana na juzi ambayo wengi wenu mliiona kwa macho, palikuwa na chuo chini ya milima ya Uluguru. Chuo hicho kilifundisha usanifu wa michoro: kubuni nembo, kupanga maandishi, kutengeneza vibandiko vya chupa na mabango ya barabarani. Vijana waliingia pale kwa sababu wanapenda kuchora. Walipokaribia kutoka walikuta kuchora peke yake hakutoshi, kwamba kuna kutafuta kazi, na kutafuta kazi kuliwachosha kuliko masomo yote.

Aliyechoka kuliko wenzake aliitwa Tumpe. Alikuwa mkubwa wa darasa. Aliwahi kuacha masomo akaenda Tukuyu kumuuguza mama yake, na aliporudi, wale alioanza nao walishakuwa watu wa maofisini. Akaanza upya na wadogo zake. Mwaka wa mwisho alizunguka mjini na michoro yake mkononi, ofisi hii na ile. Waliitazama, wakaisifu.

"Nzuri sana, dada. Juisi hii inauzwa duka gani?"

"Haiuzwi. Lilikuwa zoezi la darasani."

"Ahaa. Basi tutakupigia."

Hawakupiga. Akaenda kwingine, wakaisifu, wakaahidi kupiga, hawakupiga. Ilifika mahali mtu akiisifu michoro yake, Tumpe anaanza kuikunja mwenyewe.

Sasa, mjini palikuwa na mzee mmoja, mzee Kibena, mwenye ofisi ya usanifu na uchapaji. Kila mwaka alichukua mwanafunzi mmoja kutoka chuo kile, akamfundisha kazi, akamwajiri. Mmoja tu, kwa sababu meza iliyobaki wazi ni moja. Sharti lake lilikuwa fupi. "Msiniletee soda za kufikirika," aliwaambia wanafunzi. "Nileteeni kitu ambacho mtu amekishika mkononi mwake kikamfaa."

Tumpe alikuwa na rafiki wawili. Mmoja ni Zamoyoni, msichana wa Kilosa aliyekuwa akipanga naye chumba, mwepesi wa maneno, asiyeona haya kugonga mlango wa mtu. Wa pili ni Mbonea, kijana wa Upareni, bingwa wa kompyuta, ambaye herufi ikikaa vibaya kwenye bango hata la kanisa hapati raha mpaka amelipita. Wakakubaliana kufanya kazi moja pamoja. Nani atakalia ile meza? Hilo waliliacha. Walikuwa wamechoka, na jambo gumu ukiwa umechoka unalisukuma mbele.

Zamoyoni akatafuta kazi. Alikwenda zahanati moja nje ya mji, akakaa kwenye benchi la wagonjwa asubuhi mpaka mchana, akarudi kesho yake akakaa tena, mpaka muuguzi, Sista Felista, akamuuliza anaumwa nini.

"Siumwi, Sista. Natafuta shida yenu tuitengenezee picha."

Sista Felista alicheka, kisha akamwambia shida. Akina mama wengi wa pale hawasomi. Anawapa dawa ya maji ya watoto, anawaeleza vizuri, wakifika nyumbani maelezo yamechanganyika. Huyu anampa mtoto kijiko asubuhi tu, yule anampa kila akilia. Anataka kibandiko cha chupa kinachosema kwa picha: asubuhi kijiko, jioni kijiko, na chupa ikae mahali pa baridi.

Tumpe akachora. Akachora jua la asubuhi, akachora mwezi, akachora kijiko, akachora chupa imeegemea mtungi wa maji kivulini. Alipokuwa analimalizia lile jua, mkono ulisita. Jua na chupa kando yake. Je, mtu hataona ni jua la kuanikia? Wazo lile lilipita, naye akaliacha lipite. Kulichora upya maana yake ni kuanza kibandiko kizima upya, na shingo ilikuwa inamuuma. Akaikabidhi kazi kwa Mbonea.

Mbonea akapanga. Akachagua rangi, akazisogeza picha, akazipunguza. Kibandiko kilikuwa kidogo na picha zilisongamana. Akautoa mtungi na kile kivuli. Kikapumua, kikapendeza, kikawa kama cha kiwanda.

Zamoyoni akakipeleka. Sista Felista alikigeuza geuza mkononi. "Mmewaonyesha akina mama? Wamekielewa?"

Zamoyoni alikuwa ametembea juani kutoka barabara kuu. Kesho yake kulikuwa na mtihani. "Tumewaonyesha," alisema. "Wamekielewa."

Vibandiko vikachapwa, chupa zikavaa, zikaenda majumbani. Rafiki watatu wakapiga picha za chupa zile wampelekee mzee Kibena. Tumpe alilala mchana ule kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Siku chache baadaye Zamoyoni alikwenda zahanati kuomba maneno mazuri ya kumpelekea mzee. Akamkuta mama mmoja kijana, Mama Tabia, amempakata mwanawe anayehema kwa shida. Dawa amepewa, amemnywesha asubuhi na jioni, mtoto anazidi kuwa mbaya. Sista akaomba aione chupa. Ilikuwa ya moto.

"Mbona ya moto hivi?"

"Naianika, Sista," alijibu Mama Tabia. "Si ndivyo mlivyochora? Jua, chupa, kijiko. Kila asubuhi naiweka juu ya bati kabla sijampa."

Mtoto akapelekwa hospitali ya mkoa saa ile ile.

Zamoyoni alirudi chumbani akasimama mlangoni, hakuingia. Akawaeleza. Tumpe alikuwa amekaa kitandani, na jambo la kwanza aliloliona moyoni mwake, Mungu amsamehe, halikuwa yule mtoto. Aliona kwamba itabidi achore tena. Kisha akamwona mtoto, akaona haya, akalala chali akatazama dari.

Mbonea alikuwa wa kwanza kusema. "Tuviondoe kimya kimya. Picha tunazo. Mzee Kibena hatajua."

"Na Sista?" Zamoyoni aliuliza. "Wanamwandama yeye. Baba Tabia amekuja pale anasema muuguzi ametoa dawa mbovu."

Mbonea akaondoka bila kuaga.

Lakini asubuhi kila mmoja, bila kumwambia mwenzake, alikuwa ameamua lake.

Zamoyoni alitoka na mkoba mtupu. Akaenda nyumba kwa nyumba, kila nyumba iliyopewa chupa, akaomba radhi, akabandua kibandiko kwa kucha, akaeleza kwa mdomo namna ya kuitunza dawa. Wengine walimkaribisha chai, wengine walimfokea. Alikuta chupa nyingine juu ya bati, na nyingine juu ya ukuta wa bafu. Kila alipofika aliuliza, "Mama, asubuhi kwako inaanzaje? Jioni inaanzaje?" Wakamwambia. Asubuhi mtu anafagia uwanja. Jioni kuku wanaingia bandani. Alirudi miguu imevimba, na mtihani mmoja ulishampita, itabidi aurudie.

Mbonea, yule aliyesema wanyamaze, alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni akaenda hospitali. Akamkuta Baba Tabia ukumbini na mganga mkuu wa zahanati na Sista Felista.

"Shikamoo, wazee. Dawa haikuwa mbovu. Kibandiko ndicho kibovu, na nimekipanga mimi. Mtungi ulikuwepo, nikautoa ili kipendeze."

"Ulikuwa peke yako?" mganga mkuu alimuuliza.

Mbonea akasema, "Niandikeni mimi."

Malalamiko yakafika chuoni yakiwa na jina moja tu. Chuo kikaamua Mbonea hatahitimu na wenzake mwaka ule.

Na Tumpe? Tumpe aliamka akakaa mezani. Hakutaka. Vidole vilikuwa vizito, macho yalikuwa yanawasha, na sauti moja ndani yake ilikuwa inamwambia arudi Tukuyu akalime chai kama dada zake. Akachora mama anafagia. Akachora kuku wanaingia bandani. Zamoyoni akaupeleka mchoro kwa akina mama, akarudi. "Wanasema ni bata." Tumpe akachora tena. "Sasa wanasema kuku ni hawa, ila banda ni jiko." Tumpe akachora tena. Akaurudisha mtungi, akaichora chupa ubavuni pake na kivuli chake. Alichora mpaka yule Mama Tabia mwenyewe, aliyeletewa mchoro pembeni mwa kitanda cha mwanawe, akauonyesha kwa kidole na kusema, "Nikishafagia, kijiko. Kuku wakilala, kijiko. Chupa ikae kando ya mtungi," bila kuelezwa neno.

Tabia alipona. Alikonda, lakini alipona, na Sista Felista akabaki kazini kwake. Kibandiko kipya kikakaa kwenye chupa, na zahanati za jirani zikaja kukiomba.

Ndipo wale watatu wakaenda kwa mzee Kibena. Waliamua kusema yote, la kwanza na la mwisho, kwa sababu kubuni uongo nako ni kazi, nao hawakuwa na nguvu ya kazi nyingine. Mzee aliwasikiliza akiwa ameshika chupa. Aliitazama muda mrefu.

"Hiki kimeshikwa mkononi," alisema. "Kimemuumiza mtu, na kimemfaa mtu. Lakini meza yangu ni moja. Nani ataikalia?"

Zamoyoni akasema, "Mzee, kama si mimi kukaa kwenye lile benchi, kazi isingekuwepo. Na nyumba zile nilikwenda mimi, matusi nimeyala mimi. Asubuhi ni ufagio na jioni ni kuku, hayo nimeyaleta mimi. Nilimdanganya Sista, ni kweli. Lakini nani kati yetu alijua uongo ule ungeleta kitu gani?"

Mbonea akasema, "Mzee, hawa watahitimu, mimi sihitimu. Niliutoa mtungi, na nilitaka tunyamaze, sikatai. Ila siku ya kujibu, aliyesimama mbele ya baba wa mtoto ni mimi. Sikutaja jina la mtu. Hii meza ndiyo mlango pekee uliobaki kwangu. Wao wana mingine."

Mzee akamgeukia Tumpe. "Na wewe?"

Tumpe aliitazama mikono yake. "Picha ya kwanza ni yangu, na hii ya pili ni yangu," alisema polepole. "Kabla ya hao wote, mimi niliona lile jua litaleta neno, nikaliacha. Wao hawakuona, mimi niliona. Baadaye nimechora mpaka picha ikaeleweka. Sijui kimoja kinafuta kingine au hakifuti. Nimechoka, mzee. Sina la kudai."

Mashine ya uchapaji ilikuwa inanguruma upande wa pili wa ukuta. Mzee Kibena aliiweka chupa mezani.

"Basi utaamua wewe," alimwambia Tumpe. "Wenzako wamedai, wewe hujadai. Nitajie jina moja, huyo ndiye ataanza kazi Jumatatu. Na usijitoe kwa sababu ya haya. Jina lako nalo ni jina."

Zamoyoni akamtazama. Walikuwa wamepanga chumba kimoja, walikuwa wamekula sahani moja. Mbonea hakumtazama, aliinamisha kichwa, na hilo lilikuwa zito kuliko kutazamwa. Tumpe akafikiria miguu ya Zamoyoni iliyovimba. Akafikiria jina la Mbonea kwenye ubao wa matangazo wa chuo, peke yake. Akafikiria zile ofisi zote zilizomwambia zitampigia, na mama yake anayeuliza kila akipiga simu, "Mwanangu, umeshapata?" Alitamani mtu mwingine yeyote aulizwe swali lile.

Kisha akakaa wima, akataja jina. Mzee Kibena akaitikia kwa kichwa. Wawili wakasimama, wakaagana na wa tatu, wakatoka nje kwenye mwanga mkali wa mchana.

Jina lile ninalijua, ila silisemi kabla sijasikia ninyi mngetaja lipi. Yupo aliyedanganya, kisha akatembea nyumba zote kuusafisha uongo wake. Yupo aliyetaka kuficha, kisha akaubeba mzigo wa watatu peke yake. Na yupo aliyejua tangu mwanzo akanyamaza, na bila mkono wake hata sasa mama yule asingejua kijiko kinatolewa lini.

Je, wenzangu, kama ni wewe umeketi pale kwa Tumpe, umechoka vile, na mlango umeachiwa wewe uufungue kwa mmoja tu, ungesema nani alistahili?