Varkash na Kiapo cha Jemadari

Hapo zamani, majeshi ya mfalme mkuu wa China yalipokuwa yakivuka majangwa kwenda magharibi na kuitiisha miji ya chemchemi mmoja baada ya mwingine, palikuwa na mji mdogo uitwao Zarmis, na humo akaishi fukara mmoja, Varkash, aliyelala popote usingizi ulipomkuta.

Basi watu wa Zarmis wakamfungia lango Lu Heng, jemadari wa majeshi yale. Jemadari akaghadhibika, akaapa chini ya bendera ya mfalme, mbele ya jeshi lake lote, kwamba hatarudi nyumbani mpaka pasiwe na jiwe juu ya jiwe katika mji ule. Watu wakalia, wakaagana. Varkash yeye akaomba ateremshwe ukutani kwa kamba, akaenda akapiga magoti hemani mwa jemadari.

"Bwana wangu," akasema, "nimekuja kukupa hongera. Mji wetu ni udongo mtupu, tangu nyumba hata ukuta wa mji. Jiwe juu ya jiwe halimo. Kiapo chako kimetimia, waweza kurudi."

Askari, ambao hawakuwa wamewaona wake zao siku nyingi, wakaanza kunong'onezana kwa furaha. Jemadari akasema ataingia aone mwenyewe, na likionekana hata jiwe moja juu ya jingine, Varkash atakuwa wa kwanza kufa.

Ikawa wanapita nyumba kwa nyumba, askari wakichokoa kuta kwa mikuki, na kila udongo ulipomwagika wakapiga vigelegele kama waliomo harusini. Hata wakafika kwa mjane mmoja mzee, Bi Roshnak, wakamkuta anasaga ngano, jiwe la juu limekaa juu ya mwenzake. Jemadari akatabasamu.

Varkash akaruka, akaling'oa lile jiwe la juu, akalikumbatia kifuani.

"Sasa liko juu ya fukara, bwana wangu."

Jemadari akacheka hata kofia yake ya chuma ikaanguka, akamwambia aombe zawadi yoyote. Varkash, amelemewa na uzito, akaomba apokewe jiwe tu. Basi jemadari akalipokea, akainama alitue.

"Mwanangu, usiliweke mavumbini," akasema Bi Roshnak. "Lina unga."

Ikawa jeshi linateka maji na kushika njia ya mashariki kwa nyimbo, na jemadari wake yu uani, amekumbatia jiwe, akimngoja bibi kizee amalize kuzoa unga wake ndipo ampe ruhusa ya kwenda.