Kidawa na Insha ya Mashine

Sogeeni, wajukuu zangu, na wewe wa nyuma nyamaza.

Kidawa alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Siku moja mwenyekiti wa baraza la chuo, Mzee Mwinyikondo, alimjia na mwanawe Hemedi.

"Mwanangu anaandikiwa insha na mashine ya akili bandia. Ukimkataza, kazi huna."

"Nimkataze kwa nini, mzee wangu? Insha yenyewe inahusu soko la mtaani kwenu. Iandikwe na mashine, tena iwe ndefu."

"Hapo umenena, mwalimu!" Hemedi akacheka. Punde akaleta kurasa kumi.

Kidawa akasoma zote. "Nzuri! Mashine imepata tisini."

"Na mimi?"

"Wewe yako hujaanza, baba. Nenda sokoni ukaulize, kisha uniandikie mashine ilipodanganya. Hiyo ndiyo nitakayoisahihisha."

"Baba, unamsikia?" Hemedi akamgeukia mzee.

Mzee akajikuna kidevu. "Nikuteteeje? Mwalimu hajakukataza mashine."

Hemedi alishinda sokoni siku tatu, akarudi na makosa thelathini na moja ya mashine. Kidawa akabaki na kazi yake, walimu wenzake wakarithi mtindo ule, na Hemedi akarithi kina mama wauza dagaa wanaomwita mkwe hadi leo.