Kaburi la Leocadia

Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, wengi huifasiri kwa tumbo: mgeni akibisha hodi, kuku huchinjwa, na watoto wa nyumbani nao hulamba vidole. Katika mji wetu wa San Melitón, huku milimani Mexico, tuliifasiri kwa mfuko. Maana yake nyingine tulifundishwa na mwanamke aliyekuja kumlilia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Mtu huyo ni Leocadia, binti wa tamthilia. Waigizaji walikuja kwetu, wakamzika katika makaburi yetu chini ya jiwe jeupe, wakafungasha kamera zao wakaenda zao. Ndani ya jeneza hamkuwa na hata kokoto. Mwigizaji mwenyewe yu buheri wa afya, anatangaza sabuni kwenye televisheni. Lakini tamthilia ilipoonyeshwa, mashabiki walimiminika kama siafu, na waokaji, wafinyanzi na wakulima wa San Melitón wakageuka waongoza watalii. Tuliwacheka wageni wetu kisogoni, huku mikono yetu ikipokea.

Hodari kuliko wote alikuwa Hilario, mtu mwenye ulimi wa asali. Alipokisimulia kifo cha Leocadia, wanaume wazima walitafuta leso. Mwezi wa Aprili baba yake, mzee Fidencio, alifariki dunia, akazikwa jirani na lile jiwe jeupe, chini ya msalaba wa mbao. Mjane wake, Bi Tomasa, hakulia sana. Alipanda maua ya rangi ya chungwa shambani, akayapalilia kwa mikono yake, akaingoja Novemba.

Kwetu, siku ya wafu marehemu hurudi nyumbani kula na watu wake. Wafu hawaoni vizuri, hufuata rangi na harufu ya petali zilizomwagwa kutoka kaburini hadi mlangoni. Aliyekufa mwaka huohuo ndiye anayeihitaji njia kuliko wote, kwa kuwa hajaizoea safari. Pasipo petali hupotea, na chakula chake hupoa mezani bure. Bi Tomasa aliogopa jambo hilo moja tu duniani.

Asubuhi ya siku yenyewe alikwenda shambani na kikapu, akakuta mashina matupu. Alirudi nyumbani akihema.

"Hilario! Maua yangu yako wapi?"

"Mama, usipandishe presha. Nimempelekea Leocadia. Kamati ya utalii inataka njia nene, toka kaburini kwake mpaka uwanjani. Mabasi yanakuja leo, mama!"

"Na baba yako apite wapi?"

"Ah, baba kaishi hapa maisha yake yote. Atashindwaje kujua kwao?"

"Alipokuwa hai alikuwa na macho, we mtoto! Leo ana nini?"

"Basi jioni nitamtafutia mengine."

"Utayatoa wapi? Shamba lote umelinyoa!"

Hilario alicheka kidogo, akachukua kofia yake akaondoka. Bi Tomasa alijaza maji kwenye ndoo, akatwaa ufagio na kumfuata polepole, angalau akauoshe msalaba wa mumewe.

Makaburini palikuwa pamefurika. Mbele ya jiwe jeupe alipiga magoti Yadira, mwanamke wa makamo kutoka Guayaquil kule Ecuador, amejitanda shali kama la Leocadia. Alilia kilio cha kweli, mpaka mashabiki wenzake wakampisha.

"Dada, usiyamalize yote!" muuza barafu alimtania. "Wakitoa sehemu ya pili utalia na nini?"

Watu waliangua kicheko, Hilario akiwemo. Yadira alijifuta pua, akageuka kando.

"Kaka, huyu jirani yake ni nani? Msalaba bado mpya, halafu hana hata ua moja. Hana watu?"

Hilario aliutazama msalaba wa baba yake. Watalii wote walikuwa wakimkodolea macho. Kusema ni baba yake kulikuwa sawa na kueleza kwa nini hana ua, na ule ulimi wa asali uligoma.

"Simjui," alisema. "Labda mpita njia tu."

Nyuma yake ndoo ilianguka. Bi Tomasa alikuwa amesimama pale, maji yakimlowesha viatu.

"Anaitwa Fidencio," alisema taratibu. "Ni mume wangu. Na huyu asiyemjua ndiye mwanawe."

Hilario alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama," Yadira aliuliza, "na haya maua yalikuwa ya nani?"

"Yalikuwa ya kumleta nyumbani. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kurudi."

Yadira alilitandaza shali lake chini, akaanza kuzoa petali za Leocadia.

"Dada, dada, usivuruge!" Hilario alimsihi. "Kamati itanila nyama!"

"Hebu nyamaza, kaka. Mnadhani sisi hatujui kwamba humu hamna mtu? Mama yangu alikufa mwaka ule wa korona, wakati maiti zilichukuliwa hospitalini zikazikwa pasipojulikana. Mpaka leo sijui amelala wapi. Tamthilia hii ndiyo ya mwisho tuliyotazama pamoja. Nimekuja kulia hapa kwa sababu hapa angalau pana jiwe. Leocadia hana nyumba ya kurudi. Mzee huyu anayo, na njia yake mmempa mwingine!"

Mashabiki waliinama mmoja baada ya mwingine, wakajaza petali kwenye kofia na mitandio. Wanakamati walipiga kelele, hawakusikilizwa. Njia iliuacha uwanja, ikakata kona kuelekea kichochoroni kwa Bi Tomasa. Hilario aliuokota ufagio wa mama yake, akalifagia kaburi la baba yake huku machozi yakimtoka, na safari hii hakuwa akimfanyia mtu maonyesho.

Nyumbani, meza ilikuwa tayari: kuku wa mchuzi mzito wa pilipili, mkate wa wafu na kahawa. Bi Tomasa alimshika Yadira mkono mlangoni.

"Mama yako aliitwa nani?"

"Rosaura."

"Una picha yake?"

Yadira aliitoa kwenye mkoba. Bi Tomasa aliiweka kando ya picha ya mumewe.

"Rosaura, mji huu huujui, lakini njia ipo. Mfuate Fidencio. Akianza kujisifu kwa mahindi yake, mwambie anyamaze."

Yadira alicheka huku analia. Hilario alibaki nje, hathubutu kuzikanyaga zile petali. Mama yake alimgeukia.

"Unangoja nini hapo? Ingia umtajie baba yako jina lako. Isije ikawa na yeye hakujui."

Hilario aliingia, akapiga magoti mbele ya meza. "Baba," alisema, "ni mimi, Hilario. Mwanao."

Tangu siku ile hatuwacheki tena wanaomlilia Leocadia. Tulidhani wageni wamekuja kutujaza mifuko, kumbe tulikuwa wagonjwa wa kusahau watu wetu na hatujijui. Ama kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.